Hujawahi Kukopa? Basi Benki Haikujui

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba deni ni aibu. Mtu mwenye heshima ni yule ambaye dukani analipa pesa taslimu, karo analipa kabla ya muhula kuanza, na hakuna anayembishia hodi usiku akidai chake. Malezi hayo ni mazuri. Lakini siku mtu kama huyo anapoingia benki kuomba kadi ya mkopo, au mkopo mdogo wa kuongeza bidhaa dukani, karani anatazama kompyuta halafu anamwambia, "Hatuoni rekodi yako yoyote." Mama anarudi nyumbani na uchungu kana kwamba ameitwa mwizi.

Hakuitwa mwizi. Ameambiwa kwamba hajulikani. Kuwa na sifa mbaya na kutokuwa na sifa yoyote ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. Katika kazi ya ustawi wa jamii tunawaona wa aina zote mbili. Kuna kijana aliyeajiriwa juzi, mwalimu au muuguzi, na kuna mama wa biashara ambaye amelipa michango ya chama miaka kumi na tano bila kukosa hata wiki moja. Huyu wa pili ndiye anayenisikitisha zaidi, maana uaminifu wake ni wa kweli, ila umeandikwa kwenye daftari la mweka hazina wa chama, na daftari hilo benki hailioni.

Kwanza, ni kadi gani unayoitaka?

Wengi wakisema wanataka kadi ya mkopo, huwa hawaitaki. Kadi ya kawaida ya benki, ile tunayoiita ya ATM, inatoa pesa zako mwenyewe zilizo kwenye akaunti. Zikiisha, zimeisha. Kadi ya mkopo inatoa pesa za benki. Benki inakuwekea kiwango, tuseme shilingi 50,000, wewe unanunua, na mwisho wa mwezi unaletewa hesabu ulipe.

Sasa kama haja yako ni kununua kitu kwenye mtandao, labda vipuri vya cherehani au kulipia mtihani wa ng'ambo, huhitaji kukopa hata senti. Kadi nyingi za ATM zilizo na alama ya Visa au Mastercard hufanya kazi hiyo, ila uliza benki yako kama wameifungulia mtandao. Tena tangu Juni 2022 Safaricom na Visa walileta kadi isiyoshikika kwa mkono, inayokaa ndani ya simu na kulipa kutoka M-Pesa. Kijana mmoja akija kwangu akisema anataka kadi ya mkopo "ya kununua vitu online," swali langu la kwanza ni hilo. Nusu ya mazungumzo yanaishia hapo.

Lakini kuna wale wanaoihitaji kweli. Mtu ambaye mshahara wake unaingia tarehe 30 na mahitaji yanafika tarehe 12. Mfanyabiashara anayenunua leo na kulipwa na wateja baada ya wiki tatu. Na pia yule anayeona mbali, anayejua kwamba baada ya miaka mitatu ataomba mkopo wa ploti au nyumba, na anataka benki imfahamu kabla ya siku hiyo.

Nani anayeandika habari zako?

Hapa Kenya kuna mashirika matatu yaliyopewa leseni na Benki Kuu kuweka kumbukumbu za wakopaji: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sisi sote tunayaita kwa jina moja, CRB, na tukisema "amewekwa CRB" tunamaanisha ameharibikiwa. Maneno hayo si sahihi. Kila mtu aliyekopa benki yuko CRB, mwema na mbaya.

Zamani kidogo mambo hayakuwa hivyo. Shirika la kwanza lilipewa leseni mwaka 2010, na katika miaka ya mwanzo benki zilipeleka habari za walioshindwa kulipa tu. Ilikuwa kama mwalimu anayeandika majina ya wapiga kelele peke yake ubaoni. Anayesoma kimya hapati alama yoyote. Kanuni za mwaka 2013 ndizo zilizobadilisha, benki zikaanza kupeleka habari nzuri na mbaya pamoja. Kwa hiyo siku hizi mkopo uliolipwa vizuri ni mali. Unaandikwa na unakaa.

Ripoti yako inaonyesha jina na nambari ya kitambulisho, mikopo uliyo nayo na uliyomaliza, kama ulilipa kwa siku yake au ulichelewa siku ngapi, na pia ni nani walioulizia habari zako. Hilo la mwisho watu hawalijui. Mtu anayeomba mkopo benki tano katika wiki moja anaacha nyayo tano kwenye ripoti, na afisa wa mikopo akiziona anajiuliza huyu ana shida gani. Omba mahali pamoja, subiri jibu.

Kutokana na habari hizo shirika linapiga hesabu na kukupa alama. Metropol kwa mfano inatoa alama kuanzia 200 hadi 900. Asiye na historia alama yake ni nyembamba au hana kabisa, kwa sababu hakuna cha kupigia hesabu.

Unayo haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Itumie kabla hujaomba chochote. Usichanganye ripoti hiyo na cheti cha kuonyesha huna deni baya, ambacho waajiri wengi wamekuwa wakikidai. Hicho ni karatasi nyingine na kwa kawaida hulipiwa, ingawa mwaka 2020 Benki Kuu ilitangaza kwamba anayekichukua kwa mara ya kwanza asitozwe.

Namna ya kuanza ukiwa huna kitu

Njia ambayo mimi huwashauri watu wengi ni Sacco. Ukiwa na akiba, Sacco nyingi hukukopesha hadi mara tatu yake, na wadhamini ni wanachama wenzako wanaokujua. Hapo hauulizwi sana juu ya historia. Lakini kuna jambo la kuuliza, na uliulize kwenye mkutano mkuu mbele ya watu wote ili liandikwe kwenye kumbukumbu: je, Sacco yetu inapeleka habari za wakopaji CRB? Sheria inaruhusu, ila si kila Sacco inafanya. Kama haipelekwi, umelipa vizuri miaka minne na benki bado haijui. Hata hivyo usife moyo. Mwombe meneja wa Sacco barua yenye muhuri inayoonyesha mikopo uliyochukua na siku ulizolipa, uiambatanishe na maombi yako. Afisa wa mikopo ni binadamu, naye anasoma.

Na chama je? Chama cha kuzungushana pesa hakiandikwi popote. Lakini chama kinaweza kujiandikisha, kikafungua akaunti, na michango ikapita benki badala ya kupita mfukoni mwa mweka hazina. Baada ya hapo benki ndogo za mikopo hukopesha kikundi, kila mmoja akiwa na deni lake na wote mkidhaminiana. Deni hilo la kila mmoja linaweza kuandikwa kwa jina lake. Nawajua akina mama waliodharau mkopo wa 20,000 wa kikundi wakisema ni mdogo. Udogo wake si hoja. Hoja ni kwamba jina lako limeingia mahali pa maana kwa mara ya kwanza.

Halafu kuna mikopo ya simu. Watu wengi hawatambui kwamba M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ni mkopo wa benki, na KCB M-Pesa vilevile. Kwa hiyo ukikopa 2,000 na kulipa kwa wakati, umeandika mstari mzuri. Ukikopa 2,000 na kunyamaza, umeandika mstari mbaya, na ni wa ukubwa uleule kama wa mtu wa laki mbili kwa jinsi unavyomwonyesha mtu tabia yako. Kwa ajili ya kujenga jina, mkopo mmoja wa simu kila baada ya miezi kadhaa unatosha. Usiuzoee. M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Inasikika ndogo. Lakini ukikopa hivyo kila mwezi mwaka mzima umelipa asilimia 90 ya pesa unazozunguka nazo. Hakuna biashara ya nyanya inayobeba mzigo huo.

Kuhusu wakopeshaji wengine wa kwenye simu, wale wasio benki, uliza leseni. Mwaka 2020 wale ambao hawakuwa chini ya usimamizi wowote walizuiwa kupeleka habari CRB. Kisha kanuni za 2022 zikawataka wapate leseni ya Benki Kuu, na zikawakataza kutisha watu, kutukana na kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwa Benki Kuu. Asiyekuwemo, kaa mbali naye, hata kama pesa zinaingia kwa dakika mbili.

Vijana wa chuo wana jambo lao. Mtu ananiambia hana historia yoyote ya mkopo, kumbe alisomeshwa na HELB. Hiyo ni historia! Malipo yanatakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na HELB imekuwa ikitoza faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa anayekaa kimya, na kupeleka jina lake CRB. Kama huna kazi, usijifiche. Waandikie, waeleze hali yako, na uweke nakala ya barua. Kijana aliyejifichia HELB miaka minne halafu akaomba kadi ya benki anajisumbua bure.

Kadi inayodhaminiwa na akiba yako

Sasa turudi kwenye kadi yenyewe. Baadhi ya benki zina mpango kwa mtu asiye na historia, nao hautangazwi sana, ni lazima uulize. Unaweka akiba ya muda maalumu, tuseme 50,000, benki inaishikilia kama dhamana, halafu inakupa kadi yenye kiwango kisichozidi akiba hiyo. Ukishindwa kulipa, wanakata kwenye akiba. Ukilipa vizuri mwaka mmoja au miwili, unaomba akiba iachiliwe na kadi ibaki.

Wengine wanauliza, sasa nikopeshwe pesa zangu mwenyewe kwa nini? Swali zuri. Jibu ni kwamba hulipii pesa, unalipia jina. Na akiba yenyewe kwa kawaida inaendelea kupata riba kidogo, ingawa hilo nalo uliza kabla ya kutia sahihi. Uliza pia utapewa akiba yako lini ukiirudisha kadi, maana hapo ndipo watu huzungushwa.

Kama una mshahara, njia ya kawaida ni kuanzia benki inayopokea mshahara wako. Wao tayari wanakuona kila mwezi. Utatakiwa kuwa na kitambulisho, PIN ya KRA, hati za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya akaunti ya miezi sita au zaidi, na pengine barua ya mwajiri. Mwenye biashara hana hati ya mshahara, kwa hiyo taarifa ya akaunti au ya M-Pesa ndiyo shahidi wake. Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wanaumia. Wanauza vizuri lakini pesa zinaingia mkononi na kutoka mkononi. Ukipanga kuomba mkopo mwakani, anza leo kupitisha mauzo kwenye Till au akaunti, hata kama ada inauma kidogo.

Jaza kiwango kidogo kwenye fomu. Mtu wa mara ya kwanza mwenye mshahara wa 35,000 akiomba kiwango cha 200,000 anakataliwa, na kukataliwa huko kumeshaacha unyayo.

Kile kinachowaangusha watu

Benki ikikuletea hesabu ya mwezi, inaandika kiasi mbili: deni lote, na kiasi cha chini unachoweza kulipa. Hicho cha chini ndicho mtego. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida hutozwi riba yoyote kwa vitu ulivyonunua. Ukilipa cha chini, hujakosea, jina lako liko salama, lakini riba imeanza kutembea.

Tupige hesabu. Unadaiwa 30,000. Tuseme kiasi cha chini ni asilimia 10 na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Unalipa 3,000, inabaki 27,000. Riba ya 945 inaongezwa, deni ni 27,945. Mwezi wa pili unalipa kama 2,795, inabaki 25,150, riba ya 880 inaingia, deni ni 26,030. Umetoa karibu 5,800 mfukoni na deni limepungua kwa 3,970 tu. Na hapo hujanunua kitu kingine. Sasa fikiria mtu ambaye kila mwezi analipa cha chini na bado anaenda nayo supamaketi.

Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni ghali zaidi. Kuna ada ya papo hapo, na riba kwa kawaida inaanza siku hiyohiyo bila kungojea mwisho wa mwezi. Ukifika mahali unatoa pesa za chakula kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, ujue shida yako si ya kadi tena. Njoo tuzungumze kabla haijakomaa.

Mazoea ninayoyapendelea mimi ni haya: ichague gharama moja ambayo ungeilipa hata bila kadi, kama vile petroli ya pikipiki au bidhaa za duka za wiki moja, iwekee kadi, na pesa zake uziweke kando siku hiyohiyo. Kadi nyingine zote za ushawishi, za pointi na zawadi, ziache. Na tarehe ya kulipa ikitangulia mshahara, mwombe afisa aibadilishe. Wengi hawajui kwamba inawezekana hata kuuliza.

Jambo jingine ni kudhamini. Ukimdhamini shemeji kwenye mkopo naye akatoroka, deni ni lako na jina litakaloumia linaweza kuwa lako pia. Najua ni vigumu kumkatalia mtu wa ukoo. Basi dhamini kiasi ambacho ungeweza kumpa kama zawadi bila watoto kulala njaa.

Ukikuta ripoti ina makosa

Hutokea. Deni ulilomaliza linaonekana bado liko. Mkopo wa mtu mwingine umeandikwa kwa nambari yako, au mtu alitumia laini uliyoiandikisha kwa jina lako. Kabla ya benki kupeleka habari mbaya juu yako inatakiwa kukupa notisi ya siku 30, na kwa kawaida deni huhesabiwa kuwa baya likipitisha siku 90 bila malipo. Kwa hiyo una muda, kama unasoma jumbe zako. Mtu aliyebadilisha nambari ya simu bila kuiambia benki hataiona notisi hiyo.

Tangu Aprili 2020 hakuna mtu anayeruhusiwa kuwekewa habari mbaya kwa deni la chini ya shilingi 1,000. Watu wengi wa vijijini walikuwa wamefungiwa milango kwa ajili ya 200 au 500 za simu, na waliamriwa kuondolewa. Kama bado unaona kitu kama hicho kwenye ripoti yako, lalamika.

Malalamiko yanapelekwa kwa maandishi kwa shirika la CRB lenye ripoti hiyo, nalo linalazimika kumuuliza aliyeleta habari. Nakala moja ipeleke benki husika. Ambatanisha risiti au ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Ukiona unazungushwa, Benki Kuu ndiyo msimamizi wao wote, na barua kwao hailipiwi zaidi ya stempu.

Kama kosa ni la kweli na deni ni lako, lipa, lakini ujue kwamba kulipa hakufuti. Alama hiyo hukaa miaka mitano tangu siku ulipomaliza deni, ingawa sasa itaonyesha kwamba umelipa. Anayelipa leo saa yake imeanza leo. Ndiyo maana barua ya benki inayothibitisha kwamba deni limekwisha ni lazima uidai siku hiyohiyo ya malipo ya mwisho, ukiwa bado umesimama pale kaunta, na uiweke pamoja na vyeti vya watoto hadi miaka hiyo mitano ipite.